Mali Bila Daftari

Ndugu msikilizaji, leo naanza kwa kuomba radhi.

Majuma machache yaliyopita, katika kipindi chetu cha muziki wa zamani, nilipiga wimbo mmoja wa dansi wenye gitaa tamu, wimbo ambao wengi wenu mmeucheza kwenye harusi na kwenye sherehe za kipaimara. Ulipokwisha nikasema, kama nilivyokwisha kusema mara nyingi kabla ya siku ile, kwamba huo ni wimbo wa asili na mtunzi wake hajulikani. Nikaingiza tangazo la sabuni, kipindi kikaendelea, nami nikasahau.

Siku ya Alhamisi nikaitwa mapokezi. Nilimkuta mama mmoja mtu mzima, amejitanda khanga, kikapu cha ukindu kiko miguuni. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba. Hakuja kugombana. Alisema kwa upole kwamba mwanangu, wimbo ule mwenyewe anajulikana. Aliutunga mume wangu, ambaye sasa ni marehemu, na daftari lake hili hapa.

Nitarudi kwa mama huyu baadaye. Lakini baada ya yeye kuondoka nilikaa nikajiuliza: ni nyimbo ngapi tunazijua kwa moyo, tunaziimba kwa furaha, tunazililia misibani, na hatuna habari na aliyezitunga? Nikaona nianze na wimbo mmoja ambao sote tunausimamia wima, mikono ikiwa imenyooka.

Nausema wimbo wetu wa taifa, Mungu Ibariki Afrika. Mtoto wa darasa la kwanza anaujua. Wachezaji wetu huuimba uwanjani kabla ya mpira kuanza. Sauti yake imekuwa ya taifa letu tangu Tanganyika ilipopata uhuru, tarehe 9 Desemba 1961. Lakini simama leo pale Kariakoo, uliza watu kumi jina la mtu aliyeitunga sauti hiyo. Ukipata wawili waliolitaja sawasawa, una bahati.

Mtu huyo aliitwa Enoch Mankayi Sontonga. Alikuwa Mxhosa, mzaliwa wa Uitenhage, katika Jimbo la Rasi ya Mashariki huko Afrika Kusini, na alizaliwa mwaka 1873 hivi. Hakuwa mwanasiasa, wala hakuwa mtu mkubwa. Alikuwa mwalimu wa shule ya misheni ya Kimethodisti pale Nancefield, karibu na Johannesburg, na kiongozi wa kwaya. Alikuwa pia mpiga picha. Kwa ufupi, alikuwa mtu wa namna ile tuliyonayo katika kila mtaa: mwalimu anayependa kuimba, jioni anakusanya vijana na kuwafundisha sauti nne.

Mwaka 1897 Sontonga alitunga ubeti wa kwanza na kiitikio cha wimbo huu kwa Kixhosa, akauita Nkosi Sikelel' iAfrika. Ulikuwa wimbo wa shule tu, wa kuimbwa na wanafunzi wake. Mwaka 1899 ukaimbwa mbele ya hadhara, katika ibada ya kumwekea mikono mchungaji mmoja wa Kimethodisti. Nyimbo zake aliziandika kwa mkono katika daftari la kawaida la shule.

Sontonga hakuishi miaka mingi. Alifariki tarehe 18 Aprili 1905, akiwa na umri wa miaka 32 hivi, akaacha mke na mtoto mmoja. Baada ya hapo walimu wa kwaya wakawa wanakwenda kwa mjane wake kuazima daftari, wananakili nyimbo, wanarudisha. Azima huyu, azima yule, hatimaye daftari likapotea. Inasimuliwa pia kwamba mjane yule aliziuza haki za wimbo huu kwa peni sita. Fikiria, ndugu msikilizaji. Wimbo ambao leo marais wanausimamia, bei yake ilikuwa peni sita.

Lakini wimbo wenyewe haukufa. Ulichukuliwa na kwaya ya shule ya Ohlange, shule iliyoanzishwa na John Dube kule Natal. Tarehe 8 Januari 1912, wakati chama kilichokuja kuitwa ANC kilipoanzishwa mjini Bloemfontein, uliimbwa baada ya sala ya kufunga mkutano. Mwaka 1923 Sol Plaatje, mwandishi na mmoja wa waanzilishi wa chama hicho, aliuimba London ukanaswa katika santuri. Mwaka 1925 ANC wakaufanya wimbo rasmi wa kufungia mikutano yao. Mwaka 1927 mshairi Samuel Mqhayi akaongeza beti saba. Kutoka hapo ukavuka mipaka. Tanzania tunauimba kwa maneno yetu, Zambia wanaimba sauti ile ile kwa maneno yao, Zimbabwe waliutumia tangu uhuru wao wa mwaka 1980 hadi mwaka 1994, na Afrika Kusini yenyewe, mwaka 1997, iliuunganisha na ule wa makaburu wa zamani ukawa wimbo mmoja wa taifa.

Sasa sikiliza jambo lililonigusa. Utawala wa makaburu ulipokwisha, Serikali mpya ya Afrika Kusini ilitaka kumpa heshima mtu huyu. Ikatafuta kaburi lake. Watu wakapekua vitabu vya makaburi, wakitafuta Sontonga. Sontonga hakuwamo. Ilichukua muda mrefu hadi mtu alipopata wazo la kutafuta kwa jina jingine. Wakamkuta katika makaburi ya Braamfontein, mjini Johannesburg. Alikuwa ameandikwa "Enoch". Basi. Karani wa makaburi wa mwaka 1905 aliona maiti ya Mwafrika haihitaji jina la ukoo, jina la ubatizo linatosha.

Tarehe 24 Septemba 1996, Rais Nelson Mandela alizindua mnara wa kumbukumbu mahali hapo, na kaburi likatangazwa kuwa mnara wa taifa. Ilikuwa miaka 91 tangu mwenyewe azikwe. Kwa miaka yote hiyo bara zima liliimba wimbo wa mtu ambaye kaburi lake halijulikani, kwa sababu ya kalamu ya karani mmoja iliyoona uvivu kuandika neno moja zaidi.

Huenda msikilizaji mmoja anasema, ah, bwana mtangazaji, hayo ni ya zamani sana. Enzi zile nani alijali jina la Mwafrika? Haya, basi tusogee mbele kidogo, tuje kwa Solomon Linda.

Linda naye ni wa Afrika Kusini, Mzulu aliyezaliwa mwaka 1909 katika wilaya ya Msinga, Natal. Alikwenda Johannesburg kutafuta kazi kama vijana wetu wanavyokuja Dar es Salaam. Huko akawa na kundi la waimbaji lililoitwa Evening Birds, yaani Ndege wa Jioni, ambao waliimba bila gitaa wala kinanda, sauti tupu, nene chini na nyembamba juu. Mwaka 1939 waliingia studio ya kampuni ya Gallo wakarekodi wimbo ulioitwa Mbube. Kwa Kizulu, mbube ni simba. Inaelezwa kwamba Linda alilipwa shilingi kumi kwa haki zote za wimbo ule, na akaendelea kufanya kazi ya kupakia santuri katika kampuni hiyo hiyo. Yaani wimbo wake ulikuwa ukiuzwa mamia kwa maelfu, naye yumo ghalani anaufunga kwenye maboksi.

Santuri moja ikavuka bahari ikafika Marekani, mikononi mwa mwimbaji Pete Seeger. Yeye na wenzake wa kundi la The Weavers wakaurekodi mwanzoni mwa miaka ya 1950. Kwa sababu hawakujua Kizulu, neno "uyimbube" wakalisikia kama "Wimoweh", na hilo ndilo likawa jina la wimbo. Je, jina la mtunzi? Pale wakaandika Paul Campbell. Unajua Paul Campbell ni nani, ndugu msikilizaji? Hakuna mtu huyo. Lilikuwa jina la bandia ambalo kundi lile lilitumia kwa nyimbo zilizohesabiwa kuwa za asili. Kwa hiyo Solomon Linda, mtu mwenye mwili na damu, mwenye mke na watoto, aliondolewa, na mahali pake akawekwa mtu ambaye hajapata kuzaliwa.

Mwaka 1961 wimbo ukabadilishwa tena, ukatiwa maneno ya Kiingereza, na vijana wa kundi la The Tokens wakaupeleka hadi nambari moja Marekani kwa jina la The Lion Sleeps Tonight. Mwaka uliofuata, 1962, Linda akafariki kwa ugonjwa wa figo, maskini. Kaburi lake lilikaa miaka mingi bila jiwe, kwa kuwa familia haikuwa na fedha za kulinunua. Mwaka 1994 wimbo ukaingia katika filamu ya The Lion King, ile ambayo watoto wetu wameiangalia hadi wameikariri.

Mwaka 2000 mwandishi wa habari wa Afrika Kusini, Rian Malan, aliandika habari ndefu akieleza wimbo ulitoka wapi, umezalisha mamilioni mangapi ya dola, na binti za Linda wanaishi vipi kule Soweto. Wanasheria wakaamka. Wakafufua sheria ya hakimiliki ya Waingereza ya mwaka 1911, iliyosema kwamba haki zilizouzwa hurudi kwa warithi miaka 25 baada ya kifo cha mtunzi. Kesi ikafunguliwa mwaka 2004, na Februari 2006 pande zikapatana. Familia ikakubaliwa kupata sehemu ya malipo, na Solomon Linda akatambuliwa kuwa mtunzi mwenza wa wimbo wake mwenyewe. Ilikuwa imepita miaka 67 tangu siku ya studio.

Wahenga wetu walisema chanda chema huvikwa pete. Hapa chanda kilikuwa chema, pete ilikuwepo, lakini ilivishwa kidole cha mtu mwingine.

Tusijidanganye kwamba mambo haya ni ya kusini tu. Hapa kwetu Afrika Mashariki tuna Malaika. Mkenya Fadhili William ndiye aliyeurekodi ukavuma, kisha Miriam Makeba akaubeba duniani kote, na mwaka 1981 hata Boney M wakauimba. Fadhili alishikilia hadi alipofariki mwaka 2001 kwamba wimbo ni wake. Lakini Adam Salim naye alidai kwamba aliutunga yeye miaka ya 1940 kwa ajili ya msichana aliyempenda. Na wapo wengine waliotajwa pia. Mimi siketi hapa kuwa hakimu. Ninachoona ni kwamba wimbo huo maarufu hauna karatasi ya siku ulipozaliwa. Hakuna tarehe, hakuna sahihi, hakuna shahidi. Kila mmoja ana simulizi yake, na simulizi hazilipwi na benki.

Najua yupo atakayesema kwamba nyimbo nyingine ni za asili kwelikweli, hazina mtu mmoja. Naam, zipo. Wimbo wa taifa wa Kenya, uliotayarishwa mwaka 1963 na tume ya wanamuziki watano, sauti yake ilitokana na wimbo wa kubembelezea watoto wa Wapokomo, watu wa Mto Tana. Hakuna mama mmoja aliyejitokeza kusema mimi ndiye. Lakini hata hapo pana anwani: tunajua ni wa Wapokomo, tunajua unatoka mto gani, tunajua ulikuwa wa nini. Neno "asili" lina maana yake nzuri. Ubaya ni pale linapogeuka kuwa kapu la kutupia kila jina tulilochoka kulitafuta. Wamarekani walipoandika Paul Campbell walikuwa wanatumia kapu hilo hilo.

Sasa nirudi kwa mama yangu wa mapokezi.

Nilimkaribisha ndani, akatoa daftari kikapuni. Lilikuwa daftari la shule la zamani, jalada limechakaa, limefungwa kwa uzi. Ndani mlikuwa na mashairi ya nyimbo zaidi ya thelathini, kila moja na tarehe, na pembeni herufi za kuonyesha wapi gitaa liingie. Wimbo wangu wa "asili" ulikuwamo, ubeti kwa ubeti, umefutwafutwa na kurekebishwa hadi ukakaa sawa. Wimbo wa asili haufutwifutwi namna ile, ndugu msikilizaji. Yule ni mtu aliyekaa usiku akitafuta neno.

Nikamwacha mama na kikombe cha chai, nikashuka maktaba. Nikafungua kitabu cha orodha ya mikanda. Nikafuata namba kwa kidole hadi nikaukuta wimbo. Safu ya bendi ilijazwa. Safu ya mwaka ilijazwa. Safu ya mtunzi iliandikwa neno moja: Asili. Nikasogeza kitabu karibu na taa, kwa sababu mwandiko ule niliujua.

Ulikuwa mwandiko wangu.

Nilikumbuka siku zenyewe. Nilikuwa kijana, nimetoka kuchukua stashahada yangu ya uandishi wa habari, nimepewa kazi ya kunakili maelezo ya majalada ya mikanda kuyaingiza kitabuni. Mikanda ilikuwa mingi, joto lilikuwa kali, na majalada mengine wino ulikuwa umefifia. Kupanda ghorofani kumuuliza mtangazaji mzee aliyewajua wanamuziki wote kungenichukua dakika kumi. Sikupanda. Niliandika Asili, nikageuza ukurasa.

Kwa hiyo yule karani wa Braamfontein nisimcheke. Yeye aliandika "Enoch", mimi niliandika "Asili". Tofauti yetu ni kwamba mimi sikuwa na sababu ya ukaburu. Mimi nilikuwa na uvivu tu.

Nilipanda juu nikamweleza mama ukweli wote. Alinyamaza, akafunga uzi wa daftari lake polepole. Kisha akasema kwamba mume wake alikuwa akisikiliza redio kila Jumapili, na kila wimbo huo ulipopigwa alikuwa akitega sikio kusikia kama leo atatajwa. Alikaa hivyo miaka mingi hadi alipofariki.

Sikuwa na neno la kujibu. Sina hata leo.

Nimeandika upya safu ile: majina yake matatu, mwaka, na mji aliotungia. Jumapili iliyofuata nililitaja jina lake hewani, mara mbili, kabla ya wimbo na baada yake. Mjane na wanawe walikuwa wakisikiliza. Yeye hakuwepo.

Ndugu msikilizaji, wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii tumezoea kuwaambia wenye maduka. Leo nawaambia wanamuziki, viongozi wa kwaya, manju wa ngoma, watunzi wa taarabu, na vijana wa bongo fleva. Ukitunga wimbo, andika. Andika jina lako kamili, si jina la jukwaani peke yake, maana majina ya jukwaani yana tabia ya kuhama. Andika tarehe na mahali. Mpe rafiki au mwenzako wa bendi aweke sahihi kama shahidi. Kama mmetunga wawili, andikeni wawili siku ile ile, wakati bado mnapendana.

Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inasema kwamba haki ya mtunzi huanza pale kazi inapotungwa, na hudumu maisha yake yote pamoja na miaka 50 baada ya kifo chake. Miaka 50! Hiyo ni ada ya shule ya mtoto na ya mjukuu. Lakini haki bila ushahidi ni sawa na shamba lisilo na mipaka. Jirani atalima tu. Kusajili kazi yako COSOTA ni kuchimba mpaka huo. Na mtu akikuletea mkataba wa kuuza haki zote kwa mkupuo, kumbuka peni sita za mjane wa Sontonga na shilingi kumi za Solomon Linda, kisha ukautafakari nyumbani kabla ya kushika kalamu.

Nanyi walimu wa kwaya, mnaponakili wimbo wa kwaya nyingine, nakilini na jina la mtunzi. Ni mstari mmoja tu juu ya ukurasa. Nyimbo zetu nyingi za makanisani zimehama kutoka parokia hadi parokia, kutoka usharika hadi usharika, na njiani zimedondosha majina ya waliozitunga, kama lile daftari la kuazimana.

Na kwenu ninyi nyumbani. Kama una baba au babu aliyewahi kupiga muziki, usingoje. Mketishe Jumapili hii, washa simu yako irekodi, mwulize ni nyimbo zipi alizitunga, lini, na nani alipiga gitaa. Simu hiyo hiyo unayoitumia kurushiana vichekesho inaweza kuokoa jina la mzee wako.

Mwisho, kwetu sisi tunaokaa nyuma ya maikrofoni. Kutaja jina la mtunzi ni kazi ya sekunde tatu. Nimeipima kwa saa ya studio. Sekunde tatu, na mahali fulani mtu mzima anaweza kuacha kutega sikio, akanywa chai yake kwa amani.

Kwa leo naishia hapa. Mola akijalia, tukutane tena wiki ijayo, siku na saa kama hii.